Damu Niliyoiita Uchafu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mikono yangu inapoa hata nikiwa nimekaa karibu na moto. Ni siku niliyosomeshwa karatasi kwa sauti mbele ya mtu aliyenilea, na kila neno nililolisoma likanipiga usoni. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa na diploma yangu ya sekondari, nilijua Kifaransa kuliko watu wote wa mlima wetu, na nilidhani kwamba kujua kusoma na kuwa na akili ni kitu kimoja. Kaa vizuri. Nitakueleza polepole, maana mambo haya nayasema kwa taabu, na mengine ni ya mahali pa mwili ambapo sisi wanaume hatupendi kupataja.

Aliyenilea aliitwa Papa Habamungu. Alikuwa kaka mkubwa wa baba yangu. Baba alikufa nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo kwa ulimi nilimwita Baba Mukubwa, lakini kwa moyo alikuwa baba tu. Tulikaa Bihambwe, Masisi, kwenye shamba ambalo babu zake walililima kabla ya barabara kupasuliwa. Tulikuwa na maharagwe, viazi, mahindi kidogo na ng'ombe wawili ambao mke wake, Mama Riziki, aliwapenda kama wakwe. Baba Mukubwa alikuwa katekista. Alikuwa mrefu, na sauti yake iliongoza nyimbo za kanisa zima bila ngoma. Lakini kwa mambo ya mwili alikuwa na haya kupita msichana. Miaka yote niliyokaa kwake sikuwahi kumwona hata mgongo.

Miaka ile ilikuwa ya vita. Sitakueleza nani alipigana na nani. Siku nyingine sisi wenyewe hatukujua. Kundi moja lilishika mlima juma hili, juma lijalo likaja lingine, na wewe unapalilia maharagwe huku sikio moja liko barabarani.

Mimi nilikuwa nimepata kazi Sake, kwa mfanyabiashara mmoja wa kutoka Butembo, Papa Paluku. Alikuwa Mkatoliki wa kweli. Rozari yake ilining'inia juu ya mizani ya duka, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba mizani ile inaiba. Alikuwa na lori moja kuukuu. Likipanda lilibeba chumvi na sabuni, likapita Masisi mpaka kule milima inapopakana na Walikale. Likishuka lilibeba magome ya mti mmoja wa msitu wa juu, ambao Wanande, watu wa kwao Butembo, wanauita ngote. Gome lake ni jeusi kwa nje na jekundu kwa ndani, na ukilivunja linatoa harufu chungu inayokaa kwenye nguo siku mbili. Nilisafiri na lori hilo, nikipakia na kupakua.

Siku moja nilimwuliza Papa Paluku magome yale anayoyauza Ulaya yanakwenda kufanya nini huko.

"Dawa ya bazee," akasema, akicheka. "Ile ya mukojo."

Akavuta droo, akatoa chupa nyeupe ya plastiki. Ndugu yake aliyekuwa padri alikuwa anamletea kutoka ng'ambo, na yeye mwenyewe alikuwa anameza. Ndani mlikuwa na vidonge vya rangi ya asali. Karatasi yake ilisema kwa Kifaransa kwamba vina steroli za mimea, yaani mafuta fulani yanayopatikana kwenye mbegu na magome, na kwamba husaidia prostati. Prostati, mwanangu, ni tezi ya wanaume iliyo chini ya kibofu. Mtu akizeeka tezi hiyo huvimba, ikabana njia ya mkojo, na mzee akawa haendi haja vizuri.

Nilimfikiria Baba Mukubwa papo hapo. Mama Riziki alikuwa ameninong'oneza kwamba mume wake anatoka nje mara tano, mara sita kabla ya kucha, anasimama nyuma ya migomba muda mrefu, kisha anarudi bila nafuu. Nikamwomba Papa Paluku. Hakusita, alinipa chupa mbili nzima. Alianza kuniambia jambo jingine, lakini wateja wakaingia, nami sikungoja. Nilikuwa tayari najiona nikipanda Bihambwe na uponyaji mfukoni.

Nyumbani nilimketisha Baba Mukubwa kwenye kiti chake cha miguu mitatu, nikamsomea karatasi. Nilisoma Kifaransa kwanza, kwa sauti ya mwalimu, kisha nikatafsiri. Mimea. Nguvu. Wazee. Kusaidia njia ya mkojo. Hapo nilisema "njia ya maji" ili kumpunguzia haya. Kule chini kulikuwa na mistari mitatu ya herufi ndogo. Niliisoma kwa macho. Ilisema kwamba hii ni nyongeza ya chakula, haitibu ugonjwa. Kwamba kabla ya kuitumia, daktari akupime kwanza. Na kwamba ukiona damu kwenye mkojo, ao mkojo ukikataa kutoka, usingoje, nenda hospitali.

Nikakunja karatasi.

Utaniuliza kwa nini, na hata leo najiuliza. Nilijiambia kwamba barabara ya kwenda hospitali ya Masisi ina vizuizi vya askari. Nilijiambia kwamba kumtajia baba damu na mkojo ni kumvunjia heshima. Lakini ukweli, mwanangu, ni kwamba nilitaka niwe mimi niliyemponya. Daktari angeniharibia.

Akaanza kumeza. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kufanya ishara ya msalaba. Baada ya wiki sita alisema anaamka mara chache zaidi. Mama Riziki alisema ni kweli. Wazee waliotoka misa walianza kuniita Muganga, yaani daktari, kwa mzaha, kisha bila mzaha, na mimi sikuwakatalia. Mmoja alinishika mkono pembeni akaniuliza kama naweza kumpatia na yeye. Nikamwambia atulie, nitamletea. Moyo wangu ulivimba kuliko hiyo tezi.

Sasa sikiliza jambo lenyewe.

Tulikuwa shambani, mimi na yeye peke yetu, tukipalilia. Akasimama, akaegemea jembe, akatazama mlima wa ng'ambo, sio mimi.

"Bahati, kuya hapa kidogo."

Nikasogea.

"Ile dawa yako," akasema, "inaweza kufanya mukojo ikuwe nyekundu?"

"Nyekundu namna gani, Baba?"

"Nyekundu. Kama vile mutu amechinja."

Ile mistari mitatu niliiona wazi kama imeandikwa kwenye udongo mbele ya miguu yangu. Ilikuwa rahisi kusema: Baba, twende Masisi kesho. Maneno manne. Lakini ningesema hivyo, angeniuliza nimejuaje, na ningelazimika kumwambia kwamba niliyajua tangu siku ya kwanza. Tena alikuwa amesimama pale, mzee mzima, amejivua haya yake mbele yangu, na mimi nilitaka tu mazungumzo yale yaishe.

"Ni uchafu, Baba," nikasema. "Dawa iko nasafisha. Uchafu ya zamani njo inatoka."

Akashusha pumzi ndefu.

"Asante, mwanangu. Nilikuwa naogopa."

Akarudia jembe lake. Baada ya muda nikamsikia anaimba wimbo wa Bikira Maria. Uongo wangu ulikuwa mfupi kuliko kumeza mate, nao ukamfanya mtu aimbe. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kingepona.

Ikapita miezi minne. Sikumwuliza tena, naye hakunieleza. Nilipokuja kutoka Sake nilimwona amekonda, anashika kiuno akiinuka, nikasema moyoni ni uzee na kazi. Mtu asiyetaka kuona hakosi la kujiambia.

Halafu vita vikatufikia. Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko, watu wameshajipanga na viazi vyao barabarani, risasi zikaanza kulia juu ya mlima. Hakuna aliyerudi kufunga mlango. Tulikimbia kuelekea Lushebere, ambako kulikuwa na kambi ya wakimbizi karibu na Masisi mjini. Mama Riziki alibeba sufuria na Biblia, mimi nilibeba blanketi na mbuzi mmoja, na kwenye mfuko wa koti langu niliitia ile chupa. Nguo zangu niliziacha, chupa nikaikumbuka.

Baba Mukubwa alitembea vibaya. Alikuwa anainama, anasimama, anaingia majanini, anarudi. Nilidhani ni hofu. Jua lilipokuwa utosini alikaa chini katikati ya njia, watu wakawa wanampita kama maji yanavyopita jiwe.

"Siwezi," akasema. "Tangu jana."

"Tangu jana nini, Papa?" Mama Riziki akamwuliza.

Akalibana koti lake. Mama Riziki akapiga magoti, akamfungua koti, akainua shati. Mwanangu, nilipiga yowe. Tumbo la chini lilikuwa limesimama kama boga chini ya ngozi, gumu, linang'aa. Tangu jana hakuwa ametoa hata tone. Alikuwa ametembea na mzigo ule, akasalimia watu, akabeba mtoto wa jirani kuvuka mto, wala hakusema, kwa sababu hakujua aseme vipi.

Na mimi, Muganga, unajua nilifanya nini? Nilitoa chupa. Nikahesabu vidonge vinne, nikamwekea mdomoni kwa mkono wangu, nikamnywesha kikombe kizima cha maji. Mtu alikuwa anakufa kwa maji, nami nikamwongezea maji.

Akavimeza. Aliniamini hata pale.

Vijana wa njiani walikata mianzi, wakafunga blanketi, ikawa kipoyi, ile machela ambayo sisi huku ndiyo gari letu la wagonjwa. Wanne walibeba, wengine wanne wakawapokea, watu ambao hata majina yao sikuyajua, nao walikuwa na watoto wao wa kukimbiza. Alikuwa analia kwa sauti nyembamba ambayo sikujua kama anayo. Sauti ile ya kuongoza kanisa ilikuwa imekwisha.

Jioni, jua bado lipo, tukafika Lushebere. Chini ya bashi moja ya buluu, yaani turubai, kulikuwa na muuguzi, Mama Faida, mwanamke mfupi wa makamo aliyekuwa anafunga vidonda tangu asubuhi. Alimwekea mkono tumboni mara moja tu.

"Amekojoa lini?"

Tukatazamana. Baba Mukubwa akafumba macho.

"Niko nauliza. Haya yenu mutaichukua mukitoka. Hapa ndani haina nafasi."

"Jana," Mama Riziki akasema. "Jana asubui."

Mama Faida akasogeza ndoo ya maji. Alinawa mikono, akachukua mpira mwembamba wanaouita sonde, akaniamuru nishike beseni. Nilitaka kugeuza uso. "Angalia," akasema. "Ni baba yako."

Nikaangalia. Mpira uliingia kwa shida, mzee akauma kitambaa, kisha kikaja kitu ambacho sijakisahau: kilitoka kwa nguvu, kikagonga beseni kwa mlio, na kilikuwa chekundu. Chekundu chenye mabonge meusi. Beseni likawa zito mikononi mwangu. Mama Faida alibana mpira, akangoja kidogo, akaachia, akabana tena. Niliondoa beseni la kwanza, nikaleta la pili. Na Baba Mukubwa alikuwa analia sasa kwa nafuu, anasema, "Asante mama, asante mama, Mungu akubariki," kama mtoto aliyetolewa mwiba.

Alipotulia, Mama Faida akamwuliza kwa upole.

"Papa, hii damu ilianza lini?"

"Miezi ine sasa."

"Ine! Na juu ya nini haukukuya kwa muganga?"

"Mutoto wangu alisema ni uchafu inatoka." Akanionyesha kwa kidevu. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeshuhudia elimu ya mwanawe mbele ya mgeni. "Yeye alisomaka mingi. Njo alinipatiaka dawa."

Mwanangu, risasi zote za siku ile hazikunitisha kama sentensi hiyo.

Mama Faida akanigeukia. "Wewe njo mutoto?"

"Ndiyo, mama."

"Lete hiyo dawa."

Nikampa. Aliizungusha chupa, akafunua karatasi yake, akanirudishia. "Soma. Kwa sauti. Muzee asikie."

Nikaanza. Mimea, nguvu, wazee, njia ya maji. Nikafika pale nilipoishia siku ile, nikasimama.

"Endelea."

"Mama, ni herufi ndogo tu..."

"Endelea."

Nikasoma. Nyongeza ya chakula, haitibu ugonjwa. Daktari akupime kwanza. Ukiona damu kwenye mkojo, ao mkojo ukikataa kutoka, usingoje. Sauti yangu ilikatika mara mbili, na mara mbili akanirudisha mwanzo wa mstari. Chini ya bashi palikuwa na wagonjwa wengine, na wote walisikia.

Baba Mukubwa alifungua macho.

"Hiyo ilikuwamo tangu mwanzo?"

"Ndiyo, Baba."

"Na uliiona?"

"Niliiona."

Alinitazama kwa muda, kama vile anatafuta mtu aliyekuwa amekaa hapo kabla yangu. Kisha akageuza uso kwenye bashi. Laiti angenipiga. Hakunipiga, hakunitukana. Aligeuza uso tu, nami nikakaa pale na karatasi yangu.

Nilitoka nje, Mama Faida akanifuata akiwa anakausha mikono. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele.

"Kijana," akasema, "hii vidonge haiko sumu. Bazee bengine inabasaidia, banalala muzuri kidogo. Lakini haipunguzi ile tezi, na haiwezi kujua ni nini inafanya mutu akojoe damu. Haina macho. Macho ulikuwa nayo wewe." Akakunja kitambaa. "Ungekuwa haujasoma, ningekuhurumia."

Hilo ndilo karipio langu, mwanangu. Nimekaripiwa na maaskari, na mapadri, na mke wangu. Hakuna lililozama kama lile.

Kesho yake tulimbeba mpaka hospitali ya Masisi. Daktari, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alimpima kwa kidole, kwa njia ambayo wanaume wengi wangependa kufa kuliko kuikubali. Hakuchukua muda mrefu. Akasema tezi ni ngumu kama jiwe, ina vinundu. Haikuwa uvimbe wa kawaida wa uzee, ilikuwa kansa, na yale maumivu ya kiuno yanaonyesha kwamba imeshatembea mpaka kwenye mifupa.

Nikamwuliza swali ambalo lilikuwa kooni. "Daktari, kama angekuja miezi minne iliyopita?"

Alinitazama, nadhani alielewa. "Labda," akasema. "Sijui. Labda."

Neno hilo nimelibeba tangu hapo. Angesema ndiyo, ningelia nikamaliza. Angesema hapana, ningepumzika. Alisema labda.

Kisha akamweleza Baba Mukubwa kwamba ugonjwa ule hulishwa na nguvu ya kiume inayotengenezwa kwenye mapumbu. Dawa za kuizuia nguvu hiyo hazikuwa zinafika Masisi wakati wa vita, lakini mapumbu yakiondolewa kwa operesheni ugonjwa unaweza kulala kwa muda. Alisema kwa sauti ya chini, akiogopa. Mimi niliduwaa. Mama Riziki alifunika mdomo. Tulidhani mzee yule, mzee wa haya kama ile, atasema heri afe.

Baba Mukubwa akacheka. Mara ya kwanza tangu risasi.

"Niko na batoto saba," akasema, "na bajukuu sijui ngapi, na huyu mwenye kusoma nusu-nusu. Sasa ninayaweka ya kazi gani? Toeni."

Alifanyiwa operesheni. Tukarudi kambini Lushebere na sonde yake na mfuko wa kukingia mkojo. Kazi ya kumwaga mfuko niliiomba mimi. Siku ya kwanza alikataa, akamwita Mama Riziki. Siku ya pili alikataa. Siku ya tatu Mama Riziki alikuwa amekwenda kutafuta kuni, mfuko ukajaa, na hakukuwa na mwingine. Nikapiga magoti. Nikafungua, nikamwaga, nikasafisha, nikafunga. Alikuwa anatazama juu.

"Bahati," akasema.

"Baba."

"Wewe uliogopa kusoma. Mimi niliogopa kuuliza. Tulikuwa batu wawili benye haya mu nyumba moja, njo maana ugonjwa ilipata kiti."

Nikaanza kulia, nikamwomba msamaha, nikasema maneno mengi yasiyo na mpangilio. Akanyoosha mkono, akaushika mkono wangu uliokuwa bado na maji ya mkojo wake, wala hakuona kinyaa.

"Nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Niligeuza uso sababu sikutaka uone nalia."

Jumapili mbili baadaye alifanya jambo ambalo mpaka leo likinijia naona kama niliota. Misa ilikuwa inasaliwa chini ya bashi kubwa, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Mwisho wa misa aliomba neno. Akasimama, ameshika fimbo mkono mmoja na mfuko wake mkono mwingine, hakuuficha chini ya koti. Akasema:

"Bababa, muniangalie. Nilikojoa damu miezi ine, nikanyamaza. Sasa niko hivi. Mutu anayeamka mara nyingi, ao anasimama na mukojo haitoki, ao anaona damu, aende kwa Mama Faida leo. Hapana kesho. Na musikunywe kitu kwa kificho. Nimemaliza."

Kanisa zima lilipigwa na bumbuwazi. Wanawake waliinamisha vichwa. Mzee mmoja alisema kwa sauti, "Aa, katekista, mbele ya bamama!" Naye akamjibu, "Bamama njo batakuzika." Akakaa.

Siku ile hakwenda mtu. Siku iliyofuata walikwenda wawili, kwa njia ya kuzunguka nyuma ya hema. Mwisho wa wiki walikuwa kumi na zaidi. Kwa wengi ulikuwa ule uvimbe wa uzee tu, wakapewa ushauri na dawa za kulegeza njia. Mmoja, yule yule mzee aliyenishika mkono pembeni kule Bihambwe, alikuwa na tezi yenye kinundu kidogo, bado changa. Walimpeleka Goma barabara ilipofunguka. Alimzika Baba Mukubwa, na aliishi miaka mingi baada yake. Alipokuwa ananisalimia, sikujua niweke wapi macho yangu.

Nilirudi Sake. Papa Paluku aliposikia habari alivua kofia. Nikamwambia, kwa hasira ya mtu anayetafuta wa kumgawia kosa, kwamba vidonge vyake havikusaidia.

Akashangaa kweli. "Bahati, uliwaza mimi niliokotaka hii chupa mu njia? Nilipimwa kwanza. Damu, kidole, yote. Kila mwaka narudi. Njo nilitaka kukuambia siku ile, na wewe ulishakimbia."

Nilitoka nikakaa juu ya magunia ya magome, nikajisikia mjinga kuliko gunia.

Baba Mukubwa aliishi mavuno mawili. Utulivu uliporudi kidogo alirudi Bihambwe, akaona maharagwe ya shamba lake yakichanua, akayala. Alikufa kitandani kwake asubuhi, Mama Riziki amemshika mkono, akiwa na maumivu lakini bila siri.

Leo na mimi ni mzee, na tezi yangu pia imevimba. Ilipoanza kunisumbua nilikwenda kupimwa kabla ya kumeza chochote. Niliona haya, ndiyo. Nilikwenda na haya yangu, tukapimwa wote wawili. Daktari alisema ni uvimbe wa kawaida. Nikamwuliza kuhusu vidonge vya mimea, naye akajibu kwamba nikitaka nimeze, ajue tu, na nirudi kila mwaka. Narudi.

Kwa hiyo shika haya, mwanangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini anayemsaidia kuficha ana dhambi kubwa zaidi. Kitu kilichotengenezwa kwa majani na mbegu kinaweza kuwa kizuri, lakini uzuri wake haukwambii una ugonjwa gani. Kwanza upimwe, ndipo umeze. Damu kwenye mkojo usiipe jina wewe, mwachie muganga aipe jina lake. Baba yako akikuuliza jambo la mwili wake, jua ametembea safari ndefu mpaka kufika kwenye neno hilo. Usimfukuze kwa uongo mtamu. Na ukisomea mtu asiyejua kusoma, umeshika uhai wake, msomee mpaka nukta ya mwisho. Kama hujui, sema sijui. Neno hilo halijawahi kuua mtu.

Sasa nenda, kabla mvua haijashuka mlimani. Mungu aliyetuvusha miaka ile akuvushe na wewe ya kwako. Akupe kifua cha kusema kweli na mikono isiyoona kinyaa kumhudumia aliyekuzaa. Uzeeke, mwanangu, uzeeke sana, na watoto wako wakuulize kila asubuhi umelalaje, nawe uwajibu bila kuficha. Amina.